Vidole Vitano Kwenye Beji ya Profesa

Beji ya Profesa Kurobane ilirudi kutoka kupimwa ikiwa nyeusi. Ni kile kipande cha filamu ambacho kila mtu pale chuoni, kilimani nje ya mji wa Kofu, hukivaa kifuani. Miale ya eksirei ikikupitia, filamu inaungua. Ajabu ni kwamba Profesa hakuwa amekanyaga chumba cha mitambo kwa miaka kumi. Hatari pekee aliyokumbana nayo kazini ilikuwa hotuba zake mwenyewe.

"Labda ulilala nayo kwenye oveni, Profesa," alisema Bi Tamae, fundi wa mitambo, akiiinua dirishani. Kisha akaisogeza karibu na macho. Weusi ule ulikuwa na vidole vitano.

Adhuhuri hiyohiyo setilaiti ikaleta habari: nyota ndogo nyekundu imelipuka, eksirei zake zimepanda mara elfu. Spika ya kuhesabia miale, iliyozoea kudonoadonoa kama kuku, ikawa mvua juu ya bati. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Nyota ya Shizuno," Bi Tamae alinong'ona.

"Nyota yangu," Profesa akamrekebisha.

Vitabuni ilikuwa yake kweli. Ila mlipuko wake wa kwanza uligunduliwa na msaidizi wake, Shizuno Hatori. Profesa alilifuta jina la binti huyo akaandika lake, na Bi Tamae aliona, akanyamaza. Shizuno alikufa majira ya baridi ya mwaka uleule, akiapa kwenda kwenye nyota yake na kumchoma mwizi kutokea huko.

"Leo ametimiza miaka kumi na tisa tangu afe," alisema Bi Tamae. "Na mwanga wa nyota hii huchukua miaka mingapi kutufikia?"

"Kumi na tisa," alisema Profesa, aliyefundisha hesabu hiyo nusu ya Japani, akaigeuza beji kifudifudi mezani.

Wakamwita mtawa wa hekalu la bondeni. Akaja na ubani, wino na ubao wa kaburi.

"Andika jina lake na alichokifanya duniani. Akitambuliwa, ataondoka."

Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja ilipangwa sherehe ya kumuenzi Profesa kwa nyota hiyo, wageni mia mbili. Profesa akaandika: *Shizuno Hatori, msaidizi mtiifu.*

"Andika ukweli, mzee wangu," alisema mtawa. "Ni wino tu."

"Nimeandika."

Spika ikanyamaza. Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda polepole, ukageuka ukamfuata yeye peke yake, na wino ukaanza kutokota ubaoni, na ile harufu ya nywele ikawa harufu ya nyama, na Profesa akashika kifua bila sauti huku ngozi yake ikiwa nzima na joto likimtoka mdomoni kama tanuri lililofunguliwa, hadi akalala juu ya ubao aliouandika.

Jumamosi wageni walikuja walewale, ila na nguo nyeusi.

Mwezi uliofuata beji ya Bi Tamae ilirudi. Haikuwa na vidole vitano. Kilikuwepo kimoja tu, kimesimama wima, kama cha mtu anayemwambia mwenzake: nyamaza, si umezoea.