Mistari Kwenye Mlango wa Ghala

Mlinzi alipofungua chumba cha mwisho asubuhi ile, alikuta mlango wa ghala haupo. Haukuvunjwa wala kukatwa. Uliondoka mzima mzima, ukaacha pengo ukutani na vumbi kidogo kwenye kizingiti.

"Watu wanaiba simu, wanaiba kuku," Sajini alisema akijikuna kisogo. "Mlango, afande? Huyu mwizi nyumba yake inafungwa na nini?"

Inspekta hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, tochi mkononi, akikagua tundu la chini ulimosimamia mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kuharakishwa. Tangu ahamishiwe mji huu wa kale, wageni walikuwa wakitoka mbali kuja kutazama ngome, lango la mji, hamamu ya kuogea na soko la wafua shaba. Yeye alikuwa ameviona vyote kupitia kioo cha gari la polisi, basi.

Ziara za wageni ziliishia katika nyumba hii ya makumbusho. Ilikuwa nyumba ya ghorofa yenye ua katikati, na ilisemekana kwamba zamani ilikuwa ya tajiri wa chumvi. Wageni walipita vyumba vyote wakipiga miayo mpaka walipofika kwenye mlango wa ghala. Upande mmoja ulikuwa na misumari ya shaba. Upande wa pili ulikuwa na mistari iliyochongwa kwa kisu, mmoja juu ya mwingine. Waongozaji walisema ile ndiyo hesabu ya magunia ya tajiri, na hapo kila mtu alitoa simu apige picha.

"Mlango huu uko kwenye kila bango la mji," mkuu wa makumbusho alilalama. Alikuwa mtu wa miwani na shati lililonyooshwa sawasawa. "Nitauweka wapi uso wangu?"

"Mara ya mwisho uliuona lini?"

"Jana jioni. Nilikuja na mtaalamu wa mbao kutoka makao makuu. Aliupima vizuri. Akasema mlango ni wa kale, lakini mistari si ya kale hata kidogo. Imechongwa na watu wa juzi tu."

"Kwa hiyo hesabu ya magunia ni porojo?"

Mkuu akasafisha koo. "Ndiyo. Akaagiza mistari irandwe, mlango upakwe mafuta, urudi kama ulivyokuwa."

"Irandwe lini?"

"Leo asubuhi."

Inspekta akasimama, akakung'uta magoti. "Nani aliyejua?"

"Wafanyakazi wote. Niliwatangazia uani kabla hawajaondoka."

Wakaanza na seremala. Aliletwa na aproni yake, randa bado iko mkononi, uso umekunjamana.

"Wewe ndiye uliyetakiwa kuuranda?"

"Ndiyo, afande."

"Na ndiye unayejua kuung'oa."

"Mimi? Sijui! Mlango ule hauna bawaba. Umesimama kwenye ncha mbili za mti, moja juu, moja chini. Nilishauangalia nikashindwa. Nilipanga kuukata pale juu."

"Mwizi hakukata."

"Basi mwizi ananishinda ufundi, mtafuteni aje anifundishe."

Sajini akageuka pembeni kuficha kicheko. Inspekta aliliangalia tundu la juu tena. Lilikuwa safi, halikuchubuka. Aliyeung'oa mlango ule aliujua kama mtu anavyoujua mlango wa kwao, ule unaokwama wakati wa mvua mpaka uusukume kwa goti.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuja, akapuliza unga wake, akakata tamaa. Miimo ilikuwa imeshikwa na nusu ya dunia. Lakini alionyesha kitu kimoja sakafuni. Mafundi walikuwa wakikarabati dari, vumbi limetanda kila mahali, ila koridoni kulikuwa na mkanda safi, kama wa kitu kizito kilichoburutwa juu ya gunia. Mkanda ule ulikwenda mpaka uani, na uani palikuwa pamefagiwa.

"Umetoka nje," Sajini alisema.

"Umepita wapi?"

Mlinzi wa lango kuu aliapa hakuna aliyetoka na kitu kikubwa kuliko mwavuli. Mlango wa nyuma ulitokea kwenye uchochoro wa wafua shaba, na wafua shaba walikuwa wameketi pale mpaka usiku, wakalala pale pale kulinda shaba yao. Mmoja wao alijibu kwa niaba ya wote.

"Afande, hapa akipita paka tunamjua kwa jina. Mlango tungeuona."

"Basi bado umo ndani," Inspekta alisema.

Askari walipekua. Wakapanda darini, wakashuka kisimani, wakafungua masanduku ya maonyesho. Hakuna mlango. Sajini alirudi na utando wa buibui kwenye kofia. Inspekta akamwambia apumzike, kisha akaenda dirishani kwa mkata tiketi.

"Nipe tiketi moja ya ziara."

"Ya nini, afande? Wewe ingia tu."

"Nataka kuisikia kama mgeni anavyoisikia."

Mwongozaji wa zamu alikuwa mzee mkongwe kuliko wote. Wenzake walimwita Mzee Karne, kwa sababu hakuna kitu alichokitaja bila kukitia karne mbili tatu. Alikuwa mwembamba, kanzu safi, na sauti iliyofika nyuma ya kundi bila kupigwa. Alitembea kinyumenyume mbele ya wageni, akijua kila jiwe kwa kisigino. Aliwapitisha langoni, akawaonyesha tundu ambalo walinzi wa zamani walimiminia adui mafuta ya moto. Aliwapandisha ngomeni wakaona paa zote za mji. Katika hamamu aliwaambia wapige makofi wasikie kuba linavyojibu, na Inspekta naye akajikuta anapiga makofi. Alikuwa ameishi hapa muda wote huu, na hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia, twende tukatembee.

Walipofika kwenye ile nyumba, mzee alieleza chumba baada ya chumba. Kwenye pengo la ghala hakusimama.

"Hapa palikuwa na mlango," alisema, akapita.

Hakutia hata karne moja.

Mama mmoja mgeni alinung'unika kwamba alikuja jana na leo amemleta dada yake kwa ajili ya mlango ule ule. Inspekta akamwomba amwonyeshe picha ya jana. Akaikuza kwenye simu, akaitazama kwa muda.

Mistari ilianzia chini, usawa wa paja. Ule wa juu kabisa ungemfika yeye kifuani. Mwanzoni iliachana sana, kisha ikasogeleana kadiri ilivyopanda. Hakuna tajiri anayehesabu magunia namna hiyo. Kila nyumba yenye watoto ina mahali kama hapo, ukutani au kwenye fremu, na kila mzazi anajua ni pa nini. Akamrudishia mgeni simu yake na kumshukuru.

Kilichomsumbua ni pale juu, baada ya mstari wa mwisho. Palikuwa na mbao tupu.

Wafanyakazi walikuwa katika chumba chao kilichofungukia uani. Mkata tiketi alimpisha Inspekta kwenye benchi, akammiminia chai.

"Kitambaa kizuri," Inspekta alisema, akigusa plastiki ya maua iliyofunika meza na kuning'inia pande zote mpaka karibu na sakafu.

"Kipya hicho. Mzee Karne katuletea asubuhi. Katuonea huruma, ile meza yetu ilikuwa aibu tupu."

Inspekta akainyoosha miguu, akagonga goti. Meza ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Akasogeza kikombe. Watu wote walikuwa wameweka vikombe vyao mezani, wanapiga domo. Mzee Karne peke yake alishika chake mkononi. Kilikuwa cha moto, maana alikuwa akikihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, na bado hakukitua.

"Tua kikombe, mzee. Utaungua."

"Nimezoea, mama."

Inspekta alilichukua birika lililokuwa linatoka mvuke jikoni pembeni. Alilileta taratibu, akaliinamisha kama anayetaka kulikalisha katikati ya meza. Mkono wa mzee ukatangulia. Birika lilikaa juu ya kiganja chake, naye akauma meno, hakuutoa.

Inspekta akaliondoa haraka.

"Naomba mtupishe," aliwaambia wengine. "Sajini, baki. Leta maji ya baridi."

Walipotoka, alikunja kitambaa mwenyewe. Chini yake kulikuwa na mlango, umelazwa juu ya meza yao ya zamani. Misumari ya shaba ilitazama chini. Mistari ilitazama juu.

"Toba," Sajini alisema. "Na mimi nimekula mandazi yangu juu yake."

Inspekta alikiweka kiganja cha mzee ndani ya bakuli la maji. "Nani alikusaidia kuung'oa?"

"Hakuna. Jana wenzangu walipoondoka nilibaki nyuma. Unaufungua nusu, unaunyanyua kwa goti, unauvuta kwako. Unashuka wenyewe."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa naung'oa kila mwaka kuusafisha. Tulipanga hapa, mwanangu, kabla hapajawa makumbusho. Chumba hiki cha ghala kilikuwa jiko letu."

"Na mistari?"

Mzee alitazama mbao.

"Binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Homa ilimchukua. Alikuwa hajafika miaka kumi. Tulimpima, baada ya wiki tatu tukamzika. Huo wa juu ndio huo."

Sajini alivua kofia.

"Baadaye tukaambiwa tuhame, nyumba imekuwa ya historia. Niliomba mlango, wakanicheka. Waliposema wanatafuta waongozaji, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Watu wakauliza mistari hii ni nini. Nikiwaambia ukweli, wataifuta, maana mtoto wangu si historia. Nikawaambia ni magunia ya chumvi. Wakaiheshimu. Wakaiwekea kamba isiguswe." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nimemwita mwanangu gunia miaka yote hiyo, ili wamwache."

"Kwa nini hukumwambia mkuu jana?"

"Kumwambia mimi ndiye mwongo? Ningefukuzwa jioni ile ile, na randa ingepita asubuhi. Nilitaka mafundi wamalize, ulinzi wa langoni ulegee, niupeleke nyumbani."

"Kwa mkeo?"

"Mama yake hakukanyaga tena humu. Hawezi. Sasa hata kitandani hatoki. Lakini kila jioni nikifungua mlango, kabla ya salamu, ananiuliza, 'Bado ipo?' Namjibu, 'Bado ipo.' Anageuka, analala. Hilo tu ndilo ananiuliza." "Leo ningemjibu nini? Niambie wewe uliyesoma sheria. Ningemjibu nini?"

Inspekta alitoa kalamu, akairudisha mfukoni.

"Mzee, umeondoa mali ya makumbusho. Ni kosa, hata kama haikuvuka lango. Nitafungua jalada, utaandika maelezo, jioni utarudi kwako kwa dhamana. Sajini atakudhamini kama hakuna mwingine."

"Mimi?" Sajini alisema. Kisha akasema, "Sawa, afande."

"Na mlango huu sasa ni kielelezo. Kielelezo hakirandwi. Hakipakwi mafuta. Nitamwambia mkuu na mtaalamu wake kwamba seremala asikisogelee mpaka mahakama iseme. Na mahakamani nitaeleza mistari ni ya nani."

"Na mahakama ikishasema?"

Angeweza kumdanganya. "Sijui, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Alifuta mkono kwenye kanzu, akamtazama Inspekta kuanzia viatu mpaka kofia, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Una umri gani, mwanangu?"

"Arobaini na kidogo."

"Naye angekuwa hapo hapo." Akausogelea mlango. "Naomba kitu kimoja. Ukikataa sitakasirika."

Alipokieleza, Sajini alitazama pembeni. Inspekta akavua kofia. Akavua viatu. Sajini aliusimamisha mlango, akaushika kwa mikono miwili, na Inspekta akasimama mgongo ukigusa mbao, mistari yote nyuma yake.

"Kanyaga sawa," mzee alisema. "Visigino chini. Yeye alikuwa mwizi wa visigino, kila nikipima anajinyanyua."

"Viko chini, mzee."

Mzee aliweka kiganja kizima juu ya kichwa chake, akakilaza mpaka kikagusa mbao, pale juu palipokuwa patupu. Hakuwa na kisu wala penseli. Baba yake Inspekta alikuwa amekufa zamani, na hakukumbuka ni lini mtu alimwekea mkono kichwani. Alifumba macho, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mshukiwa na sajini wake.

"Umekua," mzee alisema. "Umekua, mwanangu. Mama yako akiniuliza, nitamwambia umekua."