Neno la Kitabuni

Ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege ilikuwa vurugu mechi asubuhi ile. Fundi wa majokofu, binti wa ovaroli ya buluu na hereni nyekundu, alifuata sampuli za damu kutoka nchi ya pili, maana maabara yao ya utafiti wa homa iliendeshwa na nchi mbili. Akamkuta mtafiti mgeni, suti imekunjamana, amelikumbatia boksi la barafu.

"Shikamoo, fundi."

"Shikamoo! Mimi bibi yako?"

"Kitabu changu cha Kiswahili kinasema heshima kwanza."

"Basi marahaba, mjukuu. Lete boksi."

Wakapendana. Mchana walibishana juu ya nyuzi za baridi, jioni wakatembea wameshikana mikono. Kisha wakubwa wa nchi hizo wakakosana, mkataba ukavunjwa, wageni wakafukuzwa. Mtafiti akapiga simu kutoka kwao.

"Mpenzi, wananizuia kurudi."

"Niambie kweli, nisingoje bure. Unanipenda?"

"Bado."

"Bado?"

"Bado, mpenzi! Bado sana!"

Mapenzi yote yale, kumbe mwenzake hajapenda! Fundi akakata simu, akaifungia namba, akalia mpaka sauti ikamkauka. Hasira hasara, lakini nani amwambie?

Mwaka uliofuata profesa wa nchi ile, mama mpole, aliruhusiwa kuja kuchukua vifaa vyao. Akafungua jokofu la mwisho.

"Profesa, linagandisha?"

"Bado," akajibu, mkononi ana trei nyeupe kwa barafu.

"Bado vipi, na barafu yote hiyo?"

"Bado linagandisha. Sisi sote tulifundishwa hivyo: bado, maana yake jambo linaendelea."

Fundi akatoka ukumbini, akaifungua ile namba, akapiga.

"Mpenzi, sikukuelewa! Nilidhani hunipendi. Nisamehe."

Sauti ileile ikajibu, imechoka.

"Nilipiga kila siku. Nikamwomba kila mtu anipe ruhusa ya kuja. Nikakata tamaa." Akavuta pumzi. "Nimeoa, fundi. Mwezi uliopita."

Fundi alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia amwache huyo mwanamke, apande ndege yoyote. Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Hongera. Nisalimie wifi yangu."

"Wifi? Wifi ni nani?"

"Mke wa kaka yangu," akasema, akakata simu.