Pikapu Ipoe Kwanza

Hamisa aliisikia pikapu kabla hajaiona. Ilikuwa na mlio wake, kama mtu mwenye kikohozi. Ilipoingia uani, ndoo ya maji ilikuwa tayari. Mtu akitoka safari hupewa maji anawe, na pikapu hii ndiyo iliyowalisha. Basi Hamisa aliianzia usoni. Pwaa, kwenye taa.

"Haya, mke mwenzio kashanawa," alisema mumewe, Twaha, akishuka na vumbi hadi kwenye kope. "Na mie je?"

"Una miguu, baba Najat. Pipa unalijua lilipo."

Twaha alikuwa akibeba mikate. Aliipakia Chang'ombe alfajiri, giza bado, akaipeleka Chamazi kwa Benedicta, mama aliyeigawa madukani. Lami iliishia njiani. Mbele ilikuwa changarawe na vumbi, hata mchana madereva waliwasha taa ili waonane.

Taa ya kushoto ilikuwa imepasuka, akaweka nyingine. Nayo ikapata ufa. Halafu alfajiri moja ikazimika kabisa, na Twaha akamwona mwenye baiskeli akiwa amekwisha kumfikia. Alikwepa. Yule mtu alianguka kwenye majani, akainuka mzima. Twaha akaenda polepole hadi kulipokucha.

"Mdogo wangu, watu wamekunywa chai kavu," Benedicta alimwambia. "Sikugombezi. Ila ukichelewa tena, natafuta gari jingine."

Kesho yake Sadallah, jirani yao, fundi umeme wa magari, alikuja kuitazama taa. Alikaa uani na Hamisa hadi pikapu ikarudi. Hamisa akainuka na ndoo yake.

"Shemeji, weka chini. Gusa kwanza kioo cha ile taa nzima."

Hamisa akagusa, akauondoa mkono upesi. "Moto."

"Bilauri ya moto ukiitia kwenye maji baridi, inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Basi. Jiwe linaacha kidonda kidogo, kama punje ya mtama. Maji yako yanakipasua kinakuwa ufa."

Hamisa alitazama maji yalivyotulia ndooni. Siku zote hizo alidhani anaikirimu.

Twaha akaanza kucheka. Sadallah akamgeukia. "Usicheke wewe. Hilo jiwe lilitoka wapi?"

"Barabarani."

"Barabara hairushi mawe. Nani alikuwa mbele yako?"

Twaha alijikuna kidevu. "Malori ya mchanga. Nayaganda nyuma, fundi. Taa zao zinanimulikia njia."

"Unafuata mwanga wao, unakula mawe yao. Kaa mbali, mpaka mawe ya matairi yao yaanguke kabla hayajakufikia. Na mnapopishana kwenye changarawe, punguza mwendo."

Aliifungua taa iliyozimika. Maji yalikuwa yamepita kwenye ufa, na bati la ndani, lile la kung'aa, limeota kutu. "Hii haina dawa. Ufa ukishapitisha maji, unabadilisha taa. Ingekuwa kidonda tu, ungekiziba kwa gundi isiyo na rangi, maji yasiingie. Ndiyo maana uzitazame kila asubuhi."

"Tukizifunika kwa wavu?" Hamisa aliuliza. "Upo uliobaki kwenye banda la kuku."

"Umesema vyema. Wenye matundu makubwa, usizibe mwanga. Ila usiulaze juu ya kioo. Uache nafasi ya vidole viwili, jiwe likigonga, wavu ubonyee peke yake. Na tope likiganda, futeni."

Wakaweka taa mpya. Twaha alikata wavu, Hamisa akaupima kwa vidole vyake, akamrudisha pale ulipokaribia mno.

Mvua zikaja, zikapita. Wavu ukawa na mabonde mawili matatu, vioo vikabaki salama. Mikate iliwahi chai, na Benedicta hakulitaja tena gari jingine.

Mchana mmoja pikapu iliingia ikikohoa. Hamisa alikuwa mlangoni na kata ya maji. Twaha aliipita, akaelekea kwenye pipa kama kawaida yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kunawa. Hayo si ya mke mwenzio?"

"Yeye apoe kwanza," alisema Hamisa. "Lete mikono."