Jina Lililotajwa Kabla ya Maji

Ijumaa asubuhi Elspet Baillie alikuwa anakanda unga wa shayiri aliposikia mtu akimwita mwanawe kutoka kisimani. Mara moja tu, taratibu, kama mama anayebembeleza.

"Torquil."

Alitoka mbio. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya moshi wa udongo wa kinamasi, ule tuliokuwa tukiuchoma kwetu Uskochi. Hapa Dakota udongo wa kuchoma uko wapi? Tunachoma mavi makavu ya ng'ombe na kushukuru Mungu.

Kosa lilikuwa la mumewe, Farquhar. Sisi watu wa visiwa vya Uskochi hatutaji jina la mtoto mpaka mchungaji ammwagie maji ya ubatizo. Jini likilisikia kabla, jina ni lake, na mwenye jina naye ni wake. Farquhar alilijua hilo vizuri kabisa! Lakini alikuwa anagombea ubunge, na siasa ilishamtoa akili. Jumatano alisimama juu ya mkokoteni mbele ya duka, akamwinua mtoto wa wiki tatu, akapaza sauti: "Huyu hapa Torquil Baillie, mtoto wa kwanza kuzaliwa mji huu! Nipeni kura, nimletee reli!" Watu wakashangilia. Wajinga sisi, hata mimi nilipiga makofi.

Mchungaji alikuwa ng'ambo ya mto, na barafu bado ilikuwa nyembamba, haivukiki kwa mguu wala kwa mashua. Jumamosi sauti iliita mara tatu. Jumapili, tulipokuwa tunaimba zaburi sebuleni kwao, iliita tangu zaburi ya kwanza hadi ya mwisho, si kisimani tena bali chini ya mbao za sakafu, na ile harufu ikapanda, ikaingia kwenye maziwa, kwenye blanketi, kwenye nywele za mtoto, na mtoto, ambaye tangu jana yake hakulia wala hakunyonya, akageuza uso kutoka kwenye titi la mama yake, akaitazama sakafu, akatabasamu.

"Mama, tufanyeje?" Elspet alimnong'oneza mama mkwe wake, bibi Grizel, aliyekuwa mganga wetu.

"Mdomo ulioliachia jina ndio ulirudishe, mwanangu. Palepale, mbele ya watu walewale. Lakini jini haliondoki mikono mitupu. Lazima mtu mwingine alichukue hilo jina, na akishalichukua asiitwe tena kwa jina lake la zamani. Akiitwa hivyo tu, hilo alilolichukua linamrudia mtoto."

"Mama, keshokutwa ni kura!" alisema Farquhar. "Nikisema nilidanganya watanizomea mpaka Minnesota."

"Basi mzike mwanao uende bungeni," Elspet alimjibu kwa sauti ya chini. "Mguse kwanza."

Akamgusa. Mtoto alikuwa wa baridi kama jembe lililolala nje. Farquhar akakaa sakafuni, akalia.

Jumatatu mchana alipanda tena mkokoteni. Elspet alisimama chini, mtoto kifuani.

"Jamani, niliwadanganya. Mtoto huyu si Torquil."

Kicheko! "Mheshimiwa, leo umekunywa nini?" Wattie mhunzi alimdhihaki. "Torquil ni nani basi, ng'ombe wako?"

Ndipo, kutoka chini ya mkokoteni, sote tukaisikia ile sauti. "Torquil." Hakucheka mtu tena. Mtoto akaanza kugeuza shingo.

Farquhar alimtazama mama yake. Bibi Grizel alikuwa analia.

"Ni mimi," akasema. "Torquil ni mimi. Nipo."

Mtoto akapiga ukelele wa njaa, akalivamia titi. Farquhar akashuka, akaanza kutembea kuelekea kisima cha nyumbani kwake, na ilionekana wazi kwamba si yeye anayeiendesha miguu ile. Mimi na Wattie tulimshika, tukabaki na koti lake mikononi. Akageuza kichwa, macho yamemtoka kwa hofu.

"Elspet! Niite jina langu, mke wangu! Mara moja tu! Niite, nitasimama!"

Kila mmoja wetu alilijua jina lile. Wanaume arobaini tuliinamisha vichwa kwenye theluji, tukanyamaza.

"Elspet, nakuomba!"

Elspet aliung'ata mdomo hadi damu ikamtiririka kidevuni. Alimtazama mumewe mpaka mwisho, mtoto akinyonya, na hakulitaja.