Mfuko wa Turubai

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Bukavu, Noëlla aliteremka bombani na kidumu chake cha njano, akasubiri zamu yake, kisha akapanda tena kilima cha Kadutu huku maji yakimchuruzika shingoni. Baadaye alifagia uani, akawasha makaa na kuchemsha chai. Kazi hizo alizizoea, mikono ilizifanya yenyewe. Lakini asubuhi moja ya likizo kubwa alimwaga maji nusu njiani na chai ikafurika hadi ikazima makaa. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye mfuko mmoja uliotundikwa msumarini jikoni.

Kesho yake skauti wa parokia wangekwenda Lwiro kwa miguu. Safari ni ndefu, hivyo wangelala Miti na kuendelea siku ya pili. Maman Ghislaine, kiongozi wao, aliweka masharti magumu: kila kikosi kibebe chakula chake chote, na kisinunue chochote njiani. Jioni, wakifika Miti, angekagua chakula cha kila kikosi. Kikosi ambacho chakula chake hakitoshi kingepandishwa gari na kurudi nyumbani, Lwiro wakaisikie kwa wenzao.

Kikosi cha Noëlla kilikuwa na watoto sita, na wote walimchagua yeye abebe chakula. Alifurahi mno. Furaha hiyo ilidumu mpaka baba yake, Papa Firmin, alipomwonyesha mfuko.

Zamani Papa Firmin alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Shabunda. Alitembea msituni siku nyingi na chakula mgongoni, mpaka goti lilipoharibika akarudi mjini. Mfuko huo aliushona mwenyewe kwa turubai la lori na uzi wa kuvulia samaki. Ulikuwa na rangi ya tope, kiraka pembeni, na harufu ya moshi isiyotoka hata uoshwe vipi. Noëlla aliwahi kutumwa nao sokoni, na rafiki yake Joviale akapiga kelele mbele ya watu, "Muchimba dhahabu amefika!" Mtaa mzima ulicheka. Noëlla naye alicheka, lakini moyoni aliumia sana.

"Papa," alisema sasa kwa sauti ndogo, "siwezi kuenda na mufuko mupya, ile tantine Martine alinipa?"

"Ile ya kipepeo?" Papa Firmin alitabasamu, akiukumbuka mfuko wa shule wenye picha ya kipepeo uliotoka kwa shangazi yake Noëlla. "Ile iko ya madaftari, mutoto wangu. Leta maji tuone."

Aliitundika mifuko yote miwili na kumimina maji ndani. Mfuko wa turubai haukutoa hata tone. Mfuko wa kipepeo ulianza kudondosha maji pembeni kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Sasa vuta hapa, penye mukanda imeshonwa. Vuta na nguvu!"

Noëlla alivuta. Turubai halikushtuka. Aliposhika ule wa kipepeo, uzi mmoja ulilia, akauachia haraka.

"Umeona? Mufuko ya safari ya mbali hatuichague na macho. Tunaichague na mikono. Watoto sita watakula juu ya mugongo yako."

"Ndiyo, Papa," alijibu Noëlla. Lakini kuna ndiyo ya kukubali na kuna ndiyo ya kumaliza mazungumzo, na hii ilikuwa ya pili.

Alfajiri ya safari, Papa Firmin alifunga mizigo mwenyewe. Unga wa muhogo, maharagwe, dagaa wakavu wa ziwani waitwao sambaza, sukari na chumvi, kila kimoja alikitia ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki. Mafuta ya mawese aliyaweka katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, akalisimamisha katikati ili lisilale. Alikunja mdomo wa turubai mara kadhaa, akaufunga kwa kamba. Akamsindikiza binti yake mpaka mlangoni huku akichechemea.

Noëlla hakwenda moja kwa moja parokiani. Alipita nyuma ya ukuta wa parokia, mahali pasipo na watu, akauchomoa mfuko wa kipepeo aliokuwa ameuficha ndani ya blanketi. Alihamisha chakula chote haraka haraka, lakini kopo la mawese halikuingia. Alilifungua. Kwa baridi ya asubuhi ya kiangazi, mawese yalikuwa yameganda, magumu kama sabuni. Basi, tatizo liko wapi? Aliyachota yote kwa kijiko, akayafunga ndani ya plastiki nyepesi na kuyasukuma juu ya unga. Kopo alilificha chini ya ua wa miti, mfuko wa turubai akaukunja ndani ya blanketi, akatokea mbele ya wenzake akiwa na kipepeo mgongoni.

"Mufuko ni muzuri!" alisema Joviale.

Noëlla alijaribu kutabasamu.

Walitoka mjini wakiimba. Ziwa Kivu lilikuwa upande wa kulia, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Nathanaël, mvulana mwenye maneno mengi, alibeba sufuria na kuipiga kwa kijiko kama ngoma. Sophie, mdogo kuliko wote, alishika mkono wa Maman Ghislaine. Hata Noëlla alianza kusahau wasiwasi wake.

Karibu na Mudaka alisikia kitu nyuma yake. *Kri*. Sauti ndogo tu. Aliifahamu sauti ile. Alipeleka mkono nyuma, akagusa mshono wa chini, na kidole chake kikaingia ndani, kikagusa unga uliokwisha kutoboa plastiki yake.

Angesema wakati ule ule, yote yangekwisha kwa uzi na sindano. Lakini angesema nini? Kwamba Papa alimwonya? Kwamba aliudanganya mkono uliomfungia mizigo? Alinyamaza. Aliweka kiganja chake kwenye tundu na kuendelea kutembea, mkono ukiwa umepindwa mgongoni.

Kitu kilichomtisha zaidi ni kwamba mzigo ulikuwa unapungua uzito. Watoto wengine walilalamika kwamba mabega yanauma. Yake yalipata nafuu kila walipopanda kilima, na nafuu hiyo ilimnyima raha kabisa. Aligeuka. Kwenye vumbi jekundu la barabara kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliomfuata popote alipokwenda. Na juu ya mstari huo alikuja mbuzi mmoja, akilamba kwa utulivu mkubwa.

"Noëlla!" Nathanaël aliangua kicheko. "Mbuzi iko inakufuata!"

"Inanipenda tu," alijibu. Alirudi nyuma ya wote ili mtu asione mstari ule, akamtupia mbuzi kijiwe. Mbuzi alisogea kidogo, kisha akarudi mezani pake.

Noëlla alianza kuhesabu moyoni wangekula nini usiku. Aliuona uso wa Sophie akiambiwa hakuna chakula. Aliliona gari likiwarudisha wote sita Kadutu, na watu wakiuliza ni nani aliyesababisha. Hata hivyo hakumwambia mtu.

Kisha jua likatoka kweli kweli. Ukungu ulikimbia, barabara ikaanza kuwaka. Noëlla alihisi kitu cha vuguvugu kikimshuka mgongoni, akadhani ni jasho. Hakukumbuka kwamba mawese huganda kwa baridi tu, na kwamba jua la mchana halimsubiri mtu yeyote.

"Maman Ghislaine!" Nathanaël, aliyekuwa amerudi nyuma kumtazama mbuzi, alipiga yowe, na safari hii hakuwa anacheka. "Noëlla anatoka damu!"

Kila mtu aligeuka. Sketi ya Noëlla ilikuwa nyekundu nyuma, na matone mekundu yalimshuka miguuni hadi kwenye soksi. Sophie alianza kulia kwa sauti. Maman Ghislaine alikuja mbio na sanduku la dawa, akamkalisha Noëlla kwenye majani.

"Umeumia wapi, mwanangu? Unasikia maumivu wapi? Sema!"

Maman Ghislaine hakungoja jibu. Alisimama katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili mbele ya gari lililokuwa linaelekea mjini.

"Simama! Tafazali, Papa, simama! Niko na mutoto anatoka damu, tumupeleke hospitali!"

Dereva alisimama, akafungua mlango. Noëlla aliutazama mlango ule. Angepanda, angeondoka, na hakuna ambaye angemuuliza habari za unga. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini Maman Ghislaine alikuwa amepiga magoti tena mbele yake, akitafuta jeraha na kumwomba Mungu kwa sauti ya chini. Noëlla hakuwahi kumwona mama yule akiogopa. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya siku Joviale alipomcheka sokoni.

"Haiko damu, Maman," alisema, machozi yakaja yote kwa mara moja. "Iko mawese. Na bunga imemwangika. Tangu Mudaka nilijua. Nilinyamaza."

Dereva alichungulia, akanusa, akatikisa kichwa na kuondoka zake akicheka. Maman Ghislaine alimshukuru, kisha akalifunga sanduku la dawa.

"Kumbe ile mbuzi ilikuwa inakula bugali yetu!" Nathanaël alisema kwa hasira.

"Nyamaza, Nathanaël. Noëlla, fungua mufuko."

Walifungua. Unga uliobaki haukufika nusu. Maharagwe yaling'aa kwa mafuta, sukari ilikuwa nyekundu. Sambaza peke yao walikuwa salama. Noëlla alifuta uso, akalikunjua blanketi lake na kuutoa mfuko wa turubai.

"Papa yangu alinipatia huu. Niliuficha juu ya kusikia haya."

Joviale aliutazama mfuko ule kwa muda mrefu. Alikumbuka ni nani aliyepiga kelele sokoni. Alichuchumaa, akaushika mdomo wa mfuko ukae wazi, wakati Noëlla akihamisha chakula kidogo kidogo. Kisha wakaukunja pamoja na kuufunga.

"Nani ataubeba sasa?" aliuliza Nathanaël.

"Noëlla," alijibu Maman Ghislaine. "Sasa najua kwamba kukiharibika kitu ataniambia."

Jioni walifika Miti, wakapewa darasa la kulala. Maman Ghislaine alikagua chakula cha vikosi vyote, na cha Noëlla akakiacha mwisho. Alipima unga kwa kikombe chake mwenyewe, polepole. Watoto sita walisimama wamebanana. Noëlla alishindwa kutazama. Aliyakaza macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Kwa bugali ya leo na ya kesho, haitoshi," alisema Maman Ghislaine. Sophie alianza kuvuta kamasi. "Lakini kwa bugali kidogo leo, maharagwe mengi, na uji kesho asubuhi, itatosha. Mutaendelea. Noëlla, ungenyamaza mpaka hapa, nisingekuwa na kitu cha kupima. Mungepanda gari wote."

Usiku huo maharagwe yao yalikuwa na mafuta kuliko ya kikosi kingine chochote. Nathanaël aliramba vidole, akakiri kwamba hajawahi kula matamu hivyo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Kesho yake uji ulikuwa mwepesi na wa rangi nyekundu, lakini uliwafikisha Lwiro, wote sita, kwa miguu yao.

Waliporudi Bukavu, Noëlla alipita kwanza nyuma ya ukuta wa parokia. Kopo halikuwepo. Alikwenda nyumbani, akamkuta Papa Firmin amekaa mlangoni, goti limenyooshwa. Kabla hajaulizwa habari za safari, alimweleza yote: ukuta, kipepeo, mbuzi, mawese, kopo lililopotea, na kicheko cha sokoni ambacho hakuwahi kumsimulia.

Papa Firmin alisikiliza mpaka mwisho. Aliuchukua mfuko wa turubai, akapitisha kidole kwenye mishono, na akakuta doa jipya jekundu karibu na kiraka.

"Kwa nini hukuniambia kama walikucheka?"

"Niliogopa utaona nina haya juu yako."

Ni kweli ilimuuma, na Noëlla aliona kwamba imemuuma.

"Sikia, mutoto wangu," alisema mwishowe. "Ulichagua mufuko mubaya. Hilo ni kosa ya mutoto, tutashona na itaisha. Lakini mushono ilipoachia, ukaweka mukono juu ya tundu na ukanyamaza. Pale ndipo chakula ya wenzako ilipotea. Kosa unaisema kungali mapema, wakati ingali ndogo na watu wanaweza kukusaidia. Ukiificha, inakula wewe na wale unatembea nao. Umenisikia?"

"Ndiyo, Papa." Na hii haikuwa ndiyo ya kumaliza mazungumzo.

Papa Firmin aliinuka akichechemea, akaingia jikoni, akautundika mfuko kwenye msumari wake wa siku zote, juu kabisa ya gunia la makaa. Aliutazama. Kisha akaushusha tena na kumwekea Noëlla mikononi, pamoja na msumari mwingine na nyundo.

"Utundike weye. Uweke chini kidogo, mahali mukono yako inafika."