Ukingo wa Keremkerem

Kila siku baada ya masomo, Syntiche alivua sare, akala bukari, ugali wa mahindi, kisha akachukua bidoni la kutekea maji na kuteremka mtoni nyuma ya mtaa wa Kasapa. Huko baba yake, Paulin, alikuwa akifyatua matofali ya nyumba ya Nkambo Chomba, bibi yake Syntiche. Mvua za mwaka uliopita ziliangusha ukuta wa bibi huyo, na tangu hapo alikuwa akilala sebuleni kwao. Sasa mvua nyingine zilikuwa zinakaribia.

Siku moja baba alimpa jembe wasaidiane kuchimba ukingo wa mto. Udongo wa hapo ulikuwa laini, tena karibu na maji. Syntiche alipiga jembe mara chache tu, udongo ukaporomoka na kufungua tundu refu. Ndani walikuwamo makinda wawili wasio na manyoya. Wa tatu alikuwa amefunikwa na udongo. Syntiche alimfukua kwa vidole, lakini alikuwa amekwisha kufa. Juu yao ndege wawili wa kijani, keremkerem, walizunguka, kila mmoja na nyuki mdomoni.

"Papa, simama," alisema. "Mu haya matundu muko batoto."

Paulin aliinama akatazama. Ukingo mzima ulikuwa na matundu kama hayo. Alimweleza kwa upole kwamba udongo mwingine mzuri ulikuwa kwenye kichuguu kule juu, mbali na maji, na wakihamia huko mvua ingeweza kuwakuta kabla hawajamaliza.

"Nkambo atalala wapi, mwanangu?"

Syntiche alimpenda sana bibi yake. Aliinua bidoni lake.

"Nitapandisha maji mpaka kule," alisema. "Sitachoka."

"Utachoka," baba alijibu. "Lakini tujaribu."

Waliziba tundu lililobomoka kwa kipande cha gome la mti, wakaacha mlango mdogo. Ndege walirudi kulisha.

Kweli, Syntiche alichoka kupandisha maji hadi kichuguuni. Jioni nyingine mabega yalimuuma hadi akalia. Jirani yao Élie, aliyezoea kuchokoa matundu yale kwa fimbo, alimuuliza kwa nini anajitesa. Syntiche alimketisha majanini watazame ndege wakileta chakula. Kesho yake Élie alikuja na bidoni lake.

Mvua iliwatangulia. Matofali mabichi mengi yaliyeyuka, wakayafyatua upya, na Nkambo akaendelea kulala sebuleni. Nyumba ilipokamilika, makinda walikuwa wameshajifunza kuruka.

Siku ya kuhamia, Syntiche alimwomba bibi msamaha kwa kumchelewesha. Nkambo Chomba alimvuta karibu.

"Nyumba yangu ilipoanguka, ninyi mulinipokea," alisema. "Bale ndege wangepokelewa na nani? Ukitaka kujenga, mutoto wangu, angalia kwanza nani anaishi pale. Kama unaweza kumwachia nafasi yake, mwachie, hata kama kazi itaongezeka."