Bapa Ndani ya Siti

Torkel Brandin angeweza kukutukana kwa sababu ya skrubu. Sitanii. Kijiji kizima cha Hultaryd kilijua hivyo. Ukimpelekea gari la kale ulilolifunga skrubu za kisasa, anakutazama kama umemtemea mate kwenye kahawa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kitambi mbele, miwani juu ya paji la uso, na mdomo usio na breki. Alijisifu kwamba gari likitoka kwenye gereji yake, hata marehemu aliyeliunda angefufuka aseme: hili ndilo, hamkuligusa.

Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, jua likiwa limeshazama nyuma ya misonobari, aliwasha gari jeusi la mwaka 1949 akaenda nyumba ya wazee kuchukua picha.

Picha moja tu, ya zamani, ya gari hilo hilo.

Kesho yake mkaguzi wa chama cha magari ya kale alikuwa anakuja kuamua kama gari lile linastahili cheti cha uhalisi. Torkel alikuwa amelihangaikia majira mawili ya baridi. Kitabu cha vipuri cha kiwanda alikisoma mpaka akaota namba za kurasa. Rangi ya kwanza aliifukua nyuma ya bawaba za mlango kwa kisu kidogo, tabaka kwa tabaka, kama anamenya kitunguu. Kila alichokitoa alikipiga picha, akakitia kwenye boksi, akakiandika namba. Sasa kilibaki kitu kimoja kinachomkosesha usingizi: mfuko wa ramani mgongoni mwa siti ya mbele. Ulitoka kiwandani, au kuna mtu aliuongeza?

Na Jumamosi, cheti kipo au hakipo, gari hilo ndilo lingempeleka Tyra kanisani kuolewa. Tyra, mtoto wake wa pekee.

Bibi Alfhild alikuwa anamsubiri dirishani, picha mapajani. Miaka tisini na tatu. Mume wake, Albin, ndiye aliyekuwa dereva wa teksi wa kijiji enzi hizo, na gari hilo Torkel alilinunua kwa bibi huyu, kutoka ghalani, limefunikwa kinyesi cha njiwa.

"Mfuko aliushona Albin mwenyewe," bibi alisema. "Kuficha mshono."

"Mshono wa nini tena?"

"Wa bapa."

Torkel akapiga paja, akacheka mpaka kahawa aliyopewa ikamwagika. "Bapa la fyekeo! Nimelitoa wiki tatu sasa. Bibi, nafungua siti, nakuta chuma cha kukatia nyasi kimelala ndani ya singa za farasi, makali yametazama nyuma. Nikasema, huyu Albin alikuwa anavuna shayiri humu ndani?"

Alfhild hakucheka.

"Umelitoa."

"Kiwanda hakikuliweka. Kitabu ninacho, nikuonyeshe..."

"Na kichwa chako, mwanangu, kilitoka kiwandani hivyo hivyo?"

Alitazama mlangoni kuona kama muuguzi yuko karibu. Kisha akamvuta Torkel kwa kola, akanong'ona.

"Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi kama huu, mwanamke alimsimamisha Albin kando ya Svartgöl. Kidimbwi cheusi kile, unakijua. Kavaa vizuri, kalowa chapachapa. Akapanda nyuma. Wamefika kijijini, Albin anageuka adai nauli... siti tupu. Imelowa tu. Akadhani kashuka."

"Si alishuka?"

"Hakushuka, Torkel. Kila jioni alikuwemo. Na alikuwa anaomba jambo moja. Akae mbele. Basi. Mama yangu alijua mambo ya hao watu wa msituni, wazuri kwa mbele na watupu mgongoni kama gogo lililooza: chuma chenye makali hawakivuki. Albin akashona bapa, akaliegesha gari ghalani, akanunua jingine."

"Si angemrudisha tu alikomtoa?"

"Kumrudisha ni lazima umkaribishe mbele, kando yako. Na mkifika umfungulie mlango kwa mkono wako, umsindikize mpaka majini. Albin alikuwa mwoga. Namshukuru Mungu alikuwa mwoga, nilizaa naye watoto wanne."

Torkel akajikuta anauliza kwa sauti ya chini: "Na asipopata dereva?"

"Anamchukua atakayekaa naye nyuma. Usimpakie mtu nyuma, Torkel. Mtu yeyote."

Akaipokea picha, akabusu mkono wa bibi, akatoka. "Wazee," alijiambia. Akapiga mluzi. Injini ikaitika kwa mwasho wa kwanza, tamu kama saa ya ukutani, na Torkel akasahau yote. Barabara ilikuwa kavu. Chumvi ya majira ya baridi, ile ya kuyeyusha barafu na kula chuma, ilikuwa bado haijamwagwa; siku ikimwagwa, gari hilo lisingegusa lami mpaka Mei.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kijivu, juu ya vilele vya miti.

Ndipo ikaja harufu.

Majani yaliyooza. Tope la kidimbwi. Fundi ni fundi, kwanza alilishuku bomba la kipasha joto. Akaligusa kwa mgongo wa mkono. Kavu. Akashusha kioo. Hewa ya nje ilikuwa safi, inanukia misonobari. Harufu ilikuwa ndani.

Kisha akasikia springi.

Springi zile alizisugua mwenyewe moja moja, akazipaka mafuta, akazirudisha kila moja kwenye tundu lake la zamani. Alizijua sauti kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Hii ilikuwa ya nyuma, upande wa kushoto. Na haikulia kwa sababu ya shimo barabarani.

Ililia kama springi iliyokaliwa.

Asitazame kioo cha kuonea nyuma. Alijiambia hivyo kabisa, kwa sauti. "Torkel, usitazame kioo."

Akatazama.

Uso wa mwanamke. Mzuri, jamani. Mweupe, nywele zimeganda mashavuni kwa maji, macho yametulia juu ya kisogo cha Torkel kama ya mtu anayesubiri zamu yake dukani.

"Mbele," alinong'ona.

Torkel alikanyaga mafuta kuliko siku zote alizowahi kukanyaga katika gari la kale. Akakata kona bila kupunguza mwendo. Ubao wa gereji yake, wenye jina la familia, ukapita. Uani taa zinawaka, na mlangoni amesimama Gunvor, mkewe, pini zimejaa mdomoni. Tyra anashuka ngazi mbio, amevaa gauni la harusi lililokuwa linapimwa, amelikunja hadi mapajani.

"Baba, usizime! Ngoja nijaribu kama gauni linaenea humo nyuma, mama anasema nitabananishwa kama dagaa wa kopo!"

"Rudi ndani!"

"Ee, unafoka nini? Dakika moja tu." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Akainama kuchungulia, akatabasamu kwa adabu. "Kumbe una mgeni. Samahani, mama, sogea kidogo."

Springi ikalia. Mgeni alikuwa anasogea kumpisha.

Lile bapa lilikuwa ndani ya boksi namba arobaini na moja, rafu ya tatu, gereji. Hatua thelathini. Torkel angelipata akiwa amefumba macho, kwa jinsi alivyopanga vitu vyake. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi... na kitasa kilikuwa kinazunguka.

Akajinyoosha, akausukuma mlango wa mbele wa abiria ukafunguka.

"Njoo," alinong'ona bila kugeuka. "Njoo mbele, wewe. Muache mwanangu."

Springi ya nyuma ikalegea.

Siti iliyo kando yake ikabonyea. Taratibu. Maji yakaanza kuchuruzika kwenye kitambaa kipya, kile alichokitafutia mfumaji miezi saba ili mistari ilingane na ya kiwandani.

"Baba? Mbona kaenda mb..."

Gari liliondoka mlango ukiwa haujafungwa. Tyra akabaki uani, kitasa kimemponyoka mkononi, pindo la gauni limelowa maji meusi ambayo hakujua yametoka wapi.

Ijumaa asubuhi polisi walilikuta gari kando ya Svartgöl. Milango yote miwili ya mbele ilikuwa wazi. Betri imekufa. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za buti kubwa zikizunguka mbele ya gari hadi mlango wa abiria, kama mwanamume anayemfungulia mke wake. Kutoka hapo zilikwenda sambamba na nyayo nyembamba za miguu mitupu. Pamoja, bila haraka, mpaka majini.

Hakuna zilizorudi.

Wapiga mbizi walishinda humo kutwa nzima, wakatoka na baiskeli ya mtoto na tope. Mkaguzi naye alikuja, Ruben Ek, mtu mkavu mwenye kofia. Alifika gereji kwa saa waliyoagana, akaelekezwa kidimbwini. Hakujua la kufanya. Akazunguka gari, akachungulia kila pembe, akavua kofia, na katika fomu yake akaandika: hakuna kilichoongezwa. Gunvor alipoisoma karatasi ile aliirarua vipande vipande.

Tyra alisema harusi isifungwe. Mchumba wake, Vidar, anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Norwei, alikuwa na likizo ya siku tisa, lakini hakubisha. Jumamosi, saa ambayo kengele zilitakiwa kulia, walikaa jikoni na majirani wachache. Kahawa ikapoa vikombeni. Nje mwanga ulianza kufifia.

Mlango ukagongwa.

Torkel.

Amesimama kwenye ngazi na ovaroli yake, amelowa, majani yamemganda begani. Kitambi kile kile. Miwani ile ile juu ya paji la uso. Gunvor alitoa sauti isiyo na maneno, akaanguka magotini palepale mlangoni. Tyra alimruka mama yake, akamrukia baba.

"Baba! Baba, tulijua umekufa..."

Alimkumbatia kwa nguvu, mikono yake ikamzunguka kutafuta mgongo.

Haikuukuta.

Ilizama. Ilipita ukingo wa kitu kigumu, chenye mikunjo kama gome la mti uliooza, ikaingia mpaka kwenye viwiko, na ndani hamkuwa na kitu. Baridi tu. Na majani. Tyra alifungua mdomo apige kelele, lakini mikono ya baba yake ilikuwa imeshamkaza kifuani, polepole, kama mtu anayejifunza kukumbatia.

"Harusi," alisema, akilitamka neno kana kwamba ndiyo kwanza analiokota. "Bado ipo?"

Na Gunvor, aliyekuwa bado magotini, analia kwa furaha, anamwona mumewe kwa mbele tu, akajibu kwa sauti ya kusikika nyumba nzima:

"Ipo, mume wangu! Ipo!"